Mjadala: Ukitembezwa shambani Pwani, ulipe au ukarimu unatosha?

Donholm (mwenye hoja)

Habari za mwaka mpya, jamani. Naleta swali ambalo halijaniacha tangu turudi Nairobi: mtu wa huku anayeshuka Pwani kwa likizo, akaomba kutembezwa shambani kwa mkulima, anapaswa kuilipia ziara hiyo?

Tulikuwa watu 11, majirani wa chama kimoja. Tulishuka treni ya SGR pale Miritini, Mombasa, tukapata matatu hadi Mazeras, kisha tukaingia ndani upande wa Rabai kwa mzee mmoja mwenye minazi, miembe na mikorosho michache. Ilikuwa Desemba, kaskazi inavuma, maembe yameiva mpaka yanaoza chini ya miti. Mzee aliacha kazi zake akatuzungusha saa tatu nzima. Kijana alipanda mnazi miguu mitupu kwa zile ngazi zilizochongwa kwenye shina, panga kiunoni, akatuangushia madafu. Nyuma ya nyumba mama alikuwa anafua nazi kwenye kifuo, ule mti uliochongoka unaosimikwa ardhini. Anaibamiza nazi juu ya ncha, anaikandamiza kwa uzito wa bega, anaipindua, na kumbi linaachia kwa sauti kama ya nguo nzito inayoraruka. Mara tatu au nne tu, nazi iko mkononi. Mmoja wetu, mwanamume mwenye nguvu zake, alijaribu akashindwa hata kuitoboa. Watoto walikaa pale mpaka tukawaondoa kwa nguvu.

Ikafika kulipa. Dafu 30. Mwenzetu akasema 20. Mzee akanyamaza kidogo, akajibu, "Haya, nyinyi ni wageni." Jioni yake mwenzetu huyo huyo aliletewa dafu hotelini kwa 200, akalipa bila neno. Nilikuwa nimekaa kando yake mara zote mbili na sikusema kitu, na hilo ndilo linaloniuma.

Madafu 14 na maembe ya shilingi 300, jumla 580. Gawa kwa watu 11: shilingi 53 kwa mtu, nauli ya matatu kutoka mjini hadi Donholm siku isiyo na mvua. Kwa saa tatu za mzee, kijana wake na mkewe.

Msimamo wangu: tulipe. Ukienda Tigoni kutembezwa kwenye majani chai unatoa pesa na huoni ajabu. Kwa nini mnazi wa Rabai uangaliwe bure?

Lang'ata

Dada, nakupinga kwa heshima. Kupunguza bei ya dafu kwa mzee ni aibu, hapo tuko pamoja. Lakini kiingilio ni jambo jingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aje na baraka na zawadi, anunue kwa bei aliyotajiwa, aache na sukari na unga. Ukimfundisha mwenyeji kutoza pesa mlangoni, ule mlango umekuwa geti. Nimefika sehemu za watalii ambako watoto huimbishwa kila gari likisimama. Hapo hakuna mgeni tena wala mwenyeji.

Na mfikirieni mzazi wa Kayole mwenye watoto wanne, ambaye amejibana mwaka mzima awapeleke wakaone bahari. Hoteli hawezi, mbuga hawezi. Shamba ndilo lilikuwa limebaki.

Kawangware, kwetu Kaloleni

Naomba niseme kama mtoto wa nyumba kama hizo mnazozitembelea kule Pwani.

Mgeni huliona dafu kama maji tu. Kwetu dafu ni nazi ambayo haikungojwa. Nazi hukaa juu karibu mwaka mzima mpaka ikomae. Dafu unalikata katikati ya safari yake. Baba akiwaangushia madafu 14, ni nazi 14 ambazo hazitafika sokoni, na mafuta yasiyokamuliwa. Bado mkwezi. Si kila nyumba ina kijana wa kupanda. Mkwezi hulipwa kwa mti, awe ameangusha tatu au thelathini. Mgeni akitaka apige picha mtu akipanda mti wa pili na wa tatu, baba anahesabu kimoyomoyo huku anatabasamu.

Mama naye. Siku ya wageni hashoni makuti. Atafagia uwanja tangu alfajiri, atapika wali wa nazi, atakopa kuku. Makuti aliyopaswa kumaliza siku ile, mwenye kuyaagiza atayanunua kwa mwingine.

Ndugu wa Lang'ata umetaja methali moja, nami nakukumbusha nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa wazee ulikuwa na pande mbili. Aliyekula kwenu leo, kesho alilima nanyi, na mkienda kwao alichinja. Mgeni wa Nairobi anakaa saa tatu. Haifiki siku ya jembe, wala baba yangu hataalikwa Lang'ata. Ukarimu wa upande mmoja unachosha wenyewe.

Ila nina hofu moja na kiingilio, nayo ni hii: nani anakipokea? Pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu alipanda minazi, au babu yake alipanda, lakini shamba lina jina la mtu mwingine. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini mambo haya yalianza zamani: sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka watu wajitokeze kudai ardhi waandikishwe, na Wamijikenda wengi wakabaki nje ya daftari. Mpaka leo wajukuu wao wanaitwa maskwota, watu wasio na hati, kwenye ardhi ambayo minazi yake wameipanda kwa mikono. Sasa weka geti hapo, weka na risiti. Mwenye hati akisikia pesa inaingia, atakuja kwa kasi ambayo hajawahi kuja nayo wakati wa kupalilia.

Marikiti

Mimi ni yule mnayemwita broka. Nanunua maembe Kilifi nayaleta hapa soko la Wakulima, na nataka mnisikilize.

Mwembe mmoja uliokomaa huzaa mamia ya maembe, na yanaiva kwa pamoja. Nyinyi 11 mmebeba ya shilingi 300. Yaliyobaki nani ameyabeba? Aliyefika na lori. Mara nyingi nanunua mti mzima, wakati mwingine ungali na maua. Mkulima anapata pesa ya karo mapema, na hatari inakuwa yangu: upepo ukiangusha maua, nimepoteza mimi. Ndiyo, bei ninayompa ni ndogo, sikatai. Msimu ukikolea kila mtu ana maembe ya ngowe na boribo kwa wakati mmoja, na embe halingoji.

Mnaotaka kumsaidia mkulima, ulizeni mambo makubwa. Maembe yetu yalikaa nje ya soko la Ulaya kuanzia 2014 mpaka 2021 kwa sababu ya nzi wa matunda. Hiyo ni miaka 7. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilijengwa miaka ya 1970, na miaka ya 1990 kilikuwa kimekufa. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza korosho ghafi nje ili zibanguliwe hapa nchini. Kubangulia wapi, na kiwanda kilishazimika? Wakulima wengi waliiacha mikorosho izeeke. Katiba ya 2010 iliweka kilimo mikononi mwa kaunti. Wabaneni magavana. Pesa ya mlangoni haifufui kiwanda.

South B

Kuna mfano ambao haujatajwa. Kule Kwale, karibu na Shimba Hills, wenye mashamba ya Mwaluganje walikubali miaka ya 1990 kuyaacha mashamba yao yawe hifadhi ya tembo, na mapato ya getini yakawa yanagawanywa kwao. Kwa hiyo mkulima wa Pwani kupokea pesa ya mgeni si jambo geni. Lakini kumbukeni pia wageni wanavyopotea. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 Pwani ilikauka, na 2020 corona ikaja. Aliyeacha kulima kwa sababu ya mgeni alikula nini miezi ile?

Pangani

Nyongeza fupi. Nilienda Kibuyuni, karibu na Shimoni, kuona kina mama wanaolima mwani. Tulichelewa saa moja kwa sababu ya kifungua kinywa cha hoteli. Maji yalikuwa yamerudi na kamba zimefunikwa, hatukuona kitu. Mama mmoja akatuambia taratibu kwamba bahari haina miadi. Tukanunua sabuni ya mwani tukaondoka. Kabla ya kujadili kulipa, tujifunze kufika saa ya mkulima.

Donholm (mwenye hoja)

Nimesoma yote, na baadhi yamenisogeza.

Kaka wa Marikiti, lori lako linahitajika, siwezi kushindana nalo. Ila umechukua swali langu ukalipeleka kwa magavana, na mimi swali langu lilikuwa mkononi mwangu mwenyewe. Kiwanda kikifufuka kesho, bado nitakuwa nimemlipa mzee 53. Hayo mawili hayazuiani. Tena umenipa wazo: mgeni asibebe embe tu, abebe kilichokwisha kufanyiwa kazi. Pale Rabai mama alikuwa na mafuta ya nazi kwenye chupa za soda na korosho alizobangua mwenyewe. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na vidole vyake vilikuwa na mabaka meusi yaliyochunika. Hakuna kati yetu aliyeuliza bei. Tuliona maembe tu.

Dada wa Kaloleni, hofu yako ya geti nimeielewa na ninaliondoa neno kiingilio. Nasema malipo ya siku. Unapiga simu kabla, mnapatana: mtu mzima 300, watoto bure, mkwezi kando kwa hesabu yake ya miti, chakula kando. Pesa inaingia kwenye simu ya aliyefanya kazi, mama kwa M-Pesa ya mama, kijana kwa yake. Hapo mwenye hati hana geti la kulidai. Mzazi wa Kayole mwenye watoto wanne atalipa 300, au 600 wakiwa wawili, sawa na madafu matatu ya hoteli.

Na kwa bei ya dafu sirudi nyuma hata hatua moja. Aliyetaja 30 ndiye anayejua nazi ile ingengoja mpaka lini.

Lang'ata

Malipo ya siku naweza kuyameza, kwa sharti kwamba mkulima ndiye anayeyataja, si sisi kumpangia kutoka Nairobi. Hiyo 300 umeitoa wapi? Umemuuliza mzee?

Donholm (mwenye hoja)

Sikuwa nimemuuliza. Umenishika pazuri, kwa hiyo nimempigia leo asubuhi kabla ya kuandika hapa.

Kwanza alidhani tunadai kitu, akauliza kama kuna mtoto aliyesahau viatu. Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akasema hataki kutaja pesa ya kutembea shambani kwake, maana hata marehemu baba yake hakuitoza. Nikauliza, na kazi? Hapo akafunguka. Alisema Aprili, mvua ikishika, anataka kuziba mapengo ya minazi iliyokufa kwa ukame, miche 20, na kijana wake atakuwa Mombasa kwenye kibarua. Mashimo tu ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili. Minazi ile itaanza kuzaa baada ya miaka sita au saba.

Akasema tukija wakati huo tulale, tusije kwa saa tatu. Mkewe akachukua simu na kutaja bei zake bila kusita: mafuta 400 kwa chupa, korosho 250 kwa robo, chakula 200 kwa kichwa, na mkwezi tumlipe sisi wenyewe. Kisha akauliza tutakuwa wangapi, na wangapi kati yetu wamewahi kushika jembe.

Likizo ya Aprili, basi. Nimeandika majina sita mpaka sasa. Ndugu wa Lang'ata, la saba niandike lako?

Lang'ata

Niandike. Viatu vya matope ninavyo.