Mrejesho: cherehani ya bibi imeshona

Wapendwa, asanteni. Niliwauliza kuhusu cherehani ya mkono ya marehemu bibi, Singer iliyokuwa ikiruka mishono, na nikataka kujua umri wake.

Kumbe kulikuwa na makosa mawili. Sindano niliitia kinyume, ubapa ukaangalia upande usio wake. La pili ni aibu ya nyumba yetu: kuna mtu aliipaka mafuta ya nazi, yakaganda kama gundi. Fundi wa mtaa wa Langoni aliisafisha kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akatia mafuta ya cherehani, tone moja moja. Kile chuma cha uzi wa chini, chenye umbo la mtumbwi, sasa kinakwenda na kurudi bila kukwama.

Namba iliyo kwenye kitako inaanza na Y. Mliosema ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, mlipatia. Herufi hiyo ni ya miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980.

Mfarishi nimeuanza: vipande vya leso kuukuu za bibi, pamba katikati. Mama mkubwa alikuja kutazama, nikamrekodi kwa simu. Anasema cherehani ilinunuliwa kwa fedha za nazi, na bibi aliilaza chini ya kitanda, imefunikwa shuka, chumvi ya bahari isiile. Nimeyaandika yote kwenye daftari, pamoja na namba.

Mfarishi umebaki pindo tu.