Gashuku Bagamoyo siku nne: nina presha, na mwanangu ndiye senpai wangu

Mama Uji wa Msamvu

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 46, nauza uji na maandazi stendi hapa Morogoro, na ni mkanda wa kijani wa karate, mtindo wa Goju-ryu. Nilianza kwa kumsindikiza mwanangu dojo, ukumbi wa mazoezi. Nikimaliza biashara napitia huko na ndoo zangu tupu, nakaa benchi, nahesabu nao ichi, ni, san kimoyomoyo. Miezi mitatu hivyo, mpaka sensei, mwalimu wetu, akaniambia, mama, vua ndala uingie. Huu ni mwaka wa nne.

Desemba tuna gashuku, kambi ya mazoezi, Bagamoyo, Alhamisi mpaka Jumapili. Tutalala bweni la shule, wanafunzi watakuwa likizo. Sijawahi kwenda hata moja, na hela ya safari hii nimeiweka kidogo kidogo tangu Pasaka. Lakini silali vizuri.

Presha niligunduliwa mwaka jana, nameza vidonge viwili kila asubuhi. Sensei hajui. Naogopa nikimwambia ataniweka pembeni nishike taulo za watoto. Na kwenye sanchin, zoezi letu la pumzi, tukikaza mwili na kutoa pumzi kwa sauti, mara mbili nimeona nyota. Nikanyamaza.

Halafu miguu. Sakafu yetu ni saruji, nimeizoea, ila sisi ni saa moja na nusu mara tatu kwa wiki. Huko naambiwa ni vipindi vitatu kwa siku.

La mwisho msinicheke. Mwanangu ana miaka 17, mkanda wa kahawia, kwenye mstari anasimama juu yangu. Dojoni namwita senpai, yaani mkubwa wangu kwa mkanda, na namwinamia, halinipi shida. Lakini siku nne mfululizo, tunakula wote, tunadeki wote? Na nikianguka mbele yake?

Mliowahi kwenda, nisaidieni.

Nesi Zamu ya Usiku

Dada, tuanze na hizo nyota. Ukiibana pumzi huku umekaza tumbo na mapaja, presha inapanda ghafla. Ukiachia inashuka ghafla, kichwa kinakuwa chepesi. Kwa mwenye presha si jambo la kunyamazia. Wiki hii nenda kliniki, mweleze daktari hivyo hivyo ulivyotueleza: saa ngapi za mazoezi, joto, na hiyo pumzi. Dawa usiache hata siku moja kwa sababu ya safari.

Na sensei umwambie. Ukianguka kule bila yeye kujua, hatajua hata cha kumweleza daktari.

Fundi Makiwara

Shikamoo mama. Mimi ni fundi mwashi, Tanga, gashuku nimeshaenda tisa.

Gashuku maana yake ni kulala mahali pamoja. Watu wanafikiri ni mazoezi mengi tu, lakini ukitaka kulijua litazame saa kumi na moja alfajiri, mlango wa bweni unagongwa na mtu aliyelala kitanda cha juu yako. Mbio ufukweni, kisha kihon (mapigo ya msingi) mpaka jua lichomoze, uji, usingizi mfupi, kata (mapigo yaliyopangwa kwa mfululizo), chakula, jioni kakie (kusukumana mikono wawili wawili) na bunkai (kutumia kata kwa mpinzani). Ukiwa kijani tegemea kata za Gekisai na Saifa mpaka uziote. Gekisai usiidharau kwa kuwa ni ya mwanzo. Miyagi Chojun, mwanzilishi wa Goju-ryu, aliitunga mwaka 1940 hivi ili karate iwafikie watu wengi zaidi, na mimi hadi leo mabwana wakubwa wananirekebisha hatua yake ya kwanza. Huenda mkaonjeshwa kata ya Seiyunchin. Haina teke hata moja, lakini muda mwingi uko chini kwenye shiko dachi, miguu umeitanua na magoti umeyakunja, mapaja yanawaka.

Kosa nililolifanya mimi gashuku la kwanza: Alhamisi nilipiga kila ngumi kama naoneshwa kwenye televisheni. Ijumaa sikuona kitu. Jumamosi sikuweza kuchuchumaa chooni. Maumivu ya misuli yanakomaa siku ya pili na ya tatu, kwa hiyo Alhamisi fanya nusu ya nguvu zako, umbo liwe safi. Hakuna sensei wa maana atakayekulaumu.

Miguu: mchanga mkavu unakwangua nyayo kuliko saruji. Kata kucha siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari. Lengelenge usilitoboe, lifunike kwa plasta. Gi (sare ya karate) mbili, maana moja haikauki kwa unyevu wa pwani. Kunywa madafu na utie chumvi kidogo.

Kuhusu kijana, mama, mstari unafuata mkanda na umeshaukubali. Kwenye chakula yeye ni mwanao. Mkanda ukishafunguliwa, mwite jina lake.

Mimi nitakuja na chi ishi zangu mbili. Ni mpini tu na saruji kichwani, lakini zinajenga kiganja na bega kuliko kitu chochote cha dukani. Nitakuonesha.

Nesi Zamu ya Usiku

Fundi, kwa heshima zote, hapo kwenye chumvi hapana. Mwenye presha asijitilie chumvi. Na madafu yana potasiamu nyingi. Baadhi ya dawa za presha, losatani kwa mfano, zinaibakiza potasiamu mwilini. Dada, chukua vidonge vyako na paketi zake uende navyo, muulize daktari kuhusu madafu na kiasi cha maji. Kama kimojawapo ni cha kukojoza, joto la Desemba linakuhusu zaidi.

Fundi Makiwara

Nimeelewa nesi, asante. Mama, futa hilo la chumvi.

Mama Uji wa Msamvu

Nimerudi jana, wapendwa. Mikono inauma hata kuandika.

Kliniki nilikwenda. Dawa moja imebadilishwa, nikaambiwa madafu niyaache, maji ninywe kidogo kidogo. Sensei nilimwambia siku ya kuondoka, tukiwa tunapakia mabegi. Hakuniweka pembeni. Alisema sanchin nifanye mdomo wazi kidogo, pumzi itoke bila sauti, nisikaze koo. Jumamosi alipopita akitupiga mabega kwa viganja, kwangu aliweka mkono tu mgongoni akasikiliza pumzi. Nyota sikuziona.

Nusu ya nguvu Alhamisi, Fundi, ilinishinda saa ya kwanza, saa ya pili nikakukumbuka.

Ijumaa jioni senpai alipewa kundi letu. Akafika kwangu nikiwa shiko dachi, miguu inatetemeka, akasema, "Goti nje." Nikajibu "Osu." Akapita kwa mwingine. Usiku nikiwa nje ya bweni alikuja na beseni la maji ya vuguvugu, akachuchumaa kimya, akaniosha nyayo na kunibandika plasta. Hakuniuliza kama nimechoka.

Fundi, chi ishi nimeishika na nimeitamani. Leo asubuhi nimemwaga saruji kwenye kopo la maziwa, mpini nimetoa kwenye jembe bovu, nimepigilia misumari minne chini ili ishike. Niiache siku ngapi?

Fundi Makiwara

Siku saba, mama. Imwagie maji asubuhi na jioni, uifunike kwa gunia isikauke haraka ikapasuka.