Ushauri: Kuwakaribisha na kuwashukuru watumishi wa shule za kata Januari hii (watu 88, bajeti laki 9)

Mratibu wa Milimani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mpangilio kutoka kwa wanaoijua kazi hii.

Kata ina shule 7: msingi 5, shikizi 1 (tawi dogo la shule ya msingi) na sekondari 1. Watumishi ni 88. Walimu ni 70, kati yao 9 ni ajira mpya wanaoripoti mwezi huu. Waliobaki ni wapishi 8, walinzi 7, karani, matroni na mhudumu wa maabara. Nia ni siku moja ya kuwakaribisha wapya na kuwashukuru wote kwa kazi ya mwaka uliopita. Wadau wa kata wameahidi 900,000 taslimu. Shule ya mbali zaidi ipo kilomita 14, barabara ya udongo.

Naomba kujua siku ipi inafaa, fedha igawanyweje, vyeti wapewe akina nani, na hawa 9 wapokelewe vipi wasije wakaanza kuwaza uhamisho kabla hata ya likizo ya Juni. Natanguliza shukrani.

Kengele ya Pili

Karibu mkuu. Nianze na tarehe, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Wiki ya kwanza ya kufungua iache kabisa. Walimu wakuu wako kwenye uandikishaji wa awali na darasa la kwanza, sekondari wanapokea kidato cha kwanza, na baadhi ya walimu bado wako safarini. Chukua Ijumaa ya wiki ya pili, saa 9 alasiri hadi saa 11. Saa 9 vipindi vimekwisha, swala ya Ijumaa imeshapita, na wa kilomita 14 wanafika kwao kabla ya giza. Usiifanye asubuhi. Ukiwatoa walimu 70 darasani ili uwashukuru, wazazi watauliza watoto wao wako na nani, na watakuwa na haki.

Jambo la pili linahusu matokeo. Upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili kwa kawaida hutangazwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo kutakuwa na kishawishi cha kuunganisha shukrani na kikao cha tathmini ya ufaulu. Usikubali. Mwalimu aliyeitwa kuja kupongezwa akasomewa wastani wa shule yake mbele ya wapishi na walinzi, mwaka ujao hutamwona. Tathmini iwe siku nyingine, ukumbi mwingine, na barua yake yenyewe.

Barua ya mwaliko iandike kwa wakuu wa shule wote 7, nakala kwa Afisa Elimu Msingi na kwa Afisa Elimu Sekondari. Ni idara mbili. Ukimtaarifu mmoja tu, sekondari wanaweza kukosa ruhusa dakika za mwisho.

Jalada Wazi

Fedha. Kwanza, laki 9 hiyo isiguse akaunti ya ruzuku ya uendeshaji ya shule yoyote. Ruzuku ina mafungu yake: ukarabati, vifaa vya kujifunzia, mitihani, michezo, utawala. Hakuna fungu la pilau, na mkaguzi hatakuuliza kama nia ilikuwa njema. Unda kamati ya watu watatu (mwalimu mkuu mmoja, mwalimu wa kawaida, mwakilishi wa wadau), wapokee fedha kwa maandishi, na kila manunuzi yawe na risiti. Tangaza matumizi siku hiyohiyo mwishoni.

Pili, usiwachangishe walimu kujazia. Januari mfukoni hakuna kitu, na mtu hawezi kujinunulia shukrani mwenyewe.

Mgawanyo ningeuweka hivi: chakula na vinywaji 500,000, nauli 150,000, vifaa vya wageni 9 laki 1, vyeti na fremu 90,000, akiba 60,000. Fungu la nauli usilipunguze hata kidogo. Wape kwanza shule mbili za mbali, mkononi, wanapofika. Wakisubiri hadi mwisho wataondoka katikati ya shughuli kuwahi bodaboda.

Swali: hao 88 wamo walimu wa kujitolea?

Mratibu wa Milimani

Hapana mkuu, wa kujitolea hawamo. Wapo 6.

Jalada Wazi

Basi idadi yako ni 94, na waalikwa wachache inakaribia 100. Hao 6 wanafundisha vipindi vilevile bila mshahara wa serikali. Wasipokuwa kwenye orodha, watu wa kwanza kuliona hilo watakuwa walimu wanaokaa nao ofisi moja.

Sufuria Kubwa

Hesabu ya watu 100, pilau ya nyama:

Mchele kilo 15 (kilo moja watu 6 hadi 7). Nyama kilo 17, mchanganyiko wa steki na yenye mfupa kwa ajili ya supu. Vitunguu maji kilo 5 kwa pilau na 3 kwa kachumbari. Nyanya kilo 6, karoti 10, ndimu 30. Mafuta lita 3. Vitunguu saumu nusu kilo, tangawizi nusu kilo. Binzari nyembamba robo kilo. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga gramu 50 kila kimoja. Matikitimaji makubwa 8. Soda kreti 5, maana kreti 4 ni chupa 96 tu na hazitoshi.

Usipike kilo 15 kwenye sufuria moja. Chini kutaungua na juu kutabaki kiini. Gawa mara mbili, kilo saba na nusu kila sufuria. Supu na maji kwa pamoja anza na lita moja na nusu kwa kila kilo ya mchele. Mchele mpya wa mavuno unataka pungufu kidogo. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto, funika, palia makaa juu ya mfuniko dakika 20, na usifunue kila mara. Kachumbari ikatwe saa 8, chumvi na ndimu zitiwe watu wakishapanga foleni. Ukitia mapema inatoa maji na sahani zinaogelea.

Nyama inunuliwe asubuhi ileile kwenye bucha inayochinjiwa na Muislamu, ili sufuria iwe moja kwa wote.

Sasa hili nalisisitiza: hao wapishi 8 wa shule wasipike siku hiyo. Ni siku yao pia. Wanakoroga uji wa mamia ya watoto mwaka mzima kwenye moshi. Ukiwapa tena mwiko siku ya kuwashukuru umewaambia kwamba shukrani ni za wengine. Kodisha mama lishe wawili na wasaidizi wawili, malipo yao yatoke kwenye ile 500,000. Wapishi wa shule waje wamevaa vizuri, wakae kwenye viti, wapelekewe sahani.

Walinzi nao: 7 hawawezi kuja wote, shule hazikai bila mtu. Wawekee chakula kwenye hotpoti, kipelekwe moto na bodaboda. Vyeti vya walio zamu wapelekewe shuleni na mwalimu mkuu Jumatatu, mstarini, mbele ya wanafunzi.

Binti Ratiba

Mwalimu mwenzangu, kuhusu hao 9: mapokezi yao hayaanzi Ijumaa, yanaanza wanaposhuka kwenye basi.

Kila mmoja apewe mwenyeji kabla hajafika, mwalimu wa kawaida wa shule anayokwenda na ikiwezekana wa jinsia yake. Asiwe mwalimu mkuu, kwa sababu kuna maswali mgeni hawezi kumuuliza bosi. Mwenyeji ampigie simu siku mbili kabla, ampokee stendi, ahakikishe amebeba barua ya kupangiwa kituo, vyeti halisi na nakala, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha ndogo na taarifa za akaunti ya benki. Karatasi moja ikikosekana, taarifa zake zinachelewa kuingia kwenye mfumo wa mishahara, orodha ya mwezi inafungwa, anasubiri mwezi mwingine. Malimbikizo atadai baadaye, lakini tumbo halisubiri. Usajili wa Tume ya Utumishi wa Walimu nao ufuatiliwe wiki hiyohiyo.

Nyumba ndiyo kidonda kikubwa. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita mbele, na mgeni hajapokea hata mshahara wa kwanza. Hapa wewe na mtendaji wa kijiji mna kazi: ongeeni na wenye nyumba wapokee kodi ya mwezi mmoja kwanza, makubaliano yaandikwe. Ile laki 1 isinunulie fulana. Kila mgeni apate ndoo yenye mfuniko, beseni na taa ya kuchaji. Chandarua kiulizieni zahanati.

Kazini, siku ya kwanza akute mezani ratiba yake, orodha ya wanafunzi, muhtasari wa somo, kitabu cha maandalio na boksi la chaki. Angalia muhtasari ni wa mtaala gani. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali (ufundi), na umekuwa ukipanda mwaka hadi mwaka. Mgeni anaweza kuwa alisoma chuo kwa mtaala wa zamani. Vitabu vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mwenyeji amwonyeshe. Na tafadhali, asirundikiwe vipindi vyote ambavyo wenyeji wamevikimbia.

Kengele ya Pili

Naongezea la benki. Kuna atakayejitolea maji na turubai kisha aombe nusu saa ya kueleza mikopo. Mpe meza nje ya ukumbi na dakika 3 za salamu. Mgeni ambaye hajapokea hata mshahara mmoja hatakiwi kuondoka na fomu ya mkopo wa miaka kadhaa. Wakumbushwe kanuni ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara.

Hotuba: mtendaji wa kata dakika 5, diwani 8, wewe 5. Diwani akabidhi vyeti, hiyo ndiyo nafasi yake nzuri zaidi. Na watu wakifika wapewe sambusa na soda. Usiwasubirishe na njaa hadi saa 11.

Jalada Wazi

Vyeti sasa. Kwa 90,000 usitoe vya watu wote, toa 10 vyenye uzito. Vigezo visiwe ufaulu wa mitihani ya taifa peke yake. Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili hana mtihani wa taifa wa kumtangaza, na ndiye aliyewafundisha kusoma hao wanaofaulu la saba. Angalau vyeti 3 viwe vyao, na 3 vya wasio walimu.

Maneno yawe mahususi. "Kwa uchapakazi wako" haimwambii mtu kitu. Andika hivi: "Kwa kufungua stoo na kuwasha moto saa 11 alfajiri kila siku ya masomo, uji ukawa tayari kabla ya mapumziko." Mwalimu mkuu ndiye atoe sentensi hiyo, kwa maandishi, na mhusika athibitishe majina yake matatu kwa mkono wake. Jina lililokosewa linafanya cheti kifichwe kabatini. Chapisha kwenye karatasi ngumu. Ukitaka saini ya Mkurugenzi wa halmashauri, peleka rasimu wiki mbili kabla kupitia kwa maafisa elimu, na nakala iingie kwenye jalada la mtumishi.

Mratibu wa Milimani

Asanteni sana wakuu. Wiki mbili za saini zinagonga Ijumaa ileile. Nisogeze siku?

Jalada Wazi

Usisogeze. Saini mwenyewe na mtendaji wa kata, muhuri wa kata, vitolewe kwa wakati. Za Mkurugenzi omba za Mei Mosi, unayo miezi mitatu. Na kodisha turubai leo, Ijumaa hiyo mvua inaweza kunyesha.