Niko mwaka wa pili Sayansi ya Kompyuta, niendelee au nihamie Teknolojia ya Habari?

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Nilipojiunga na shahada hii nilidhani nitaandika programu tangu wiki ya kwanza. Badala yake nusu ya masomo ni hesabu: seti, mantiki, matrisi, uwezekano. Muhula uliopita nimefeli somo la miundo ya data, yaani namna ya kupanga taarifa ndani ya kompyuta kwa orodha, miti na kadhalika, nalirudia. Rafiki yangu aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti tayari analipwa. Nawaza kuhamia Teknolojia ya Habari, naambiwa huko hesabu si nyingi. Halafu akili mnemba nayo inaandika msimbo yenyewe, sasa nikimaliza nitakuta kazi gani? Naombeni ushauri, nimechanganyikiwa.

Fundi wa Kanzidata
Pole sana mdogo wangu. Somo hilo hata mimi nililirudia.

Kazini kwangu kwa mara ya kwanza nilikabidhiwa ripoti iliyochelewa kufunguka mpaka watu wanaondoka kwenda kunywa chai. Nilikaa nayo siku mbili. Kumbe kwa kila mteja, programu ilikuwa inapitia orodha nzima ya miamala. Wateja 10,000 mara miamala 100,000, hiyo ni kulinganisha mara bilioni moja. Nikaweka faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, kwenye safu ya namba ya mteja, ripoti ikafunguka hapo hapo. Na faharasa ile, ukiifungua ndani, ni mti, ndugu wa hiyo miti iliyokuangusha. Rekodi 1,000,000 zikiwa zimepangwa, ukizigawa nusu kwa nusu unaipata unayoitaka kwa hatua 20 hivi.

Unaporudia, anza na karatasi. Chora mti, ingiza namba moja moja, ndogo iende kushoto na kubwa kulia, futa moja, tazama unavyobadilika. Msimbo uandike baadaye.

Mlinzi wa Mifumo
Usihame kwa kukimbia hesabu. Kama moyo wako uko kwenye kusimamia mitandao na seva na kuhudumia watumiaji, hama kwa amani, ni kazi ya heshima.

Mimi niko upande wa usalama. RSA, njia ya kuficha ujumbe ya mwaka 1977, imesimama juu ya namba tasa: kuzidisha mbili kubwa ni rahisi, kuzitafuta tena kutoka kwenye jibu ni kazi ngumu mno. Anayetaka kufundisha mashine, matrisi na uwezekano atakula navyo na kulala navyo. Upimaji wa programu nao wengi hawautaji, lakini ni mlango mzuri kwa anayeanza.

Akili mnemba naitumia kila siku. Juzi iliniandikia amri ya kanzidata iliyobandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani yake. Mtu angeweka alama ya nukuu na vijineno vichache kwenye kisanduku cha jina, angesoma taarifa za watu wote. Niliona kwa sababu nilifundishwa kuona. Asiyejua angeipitisha vile vile.

Mjenzi wa Tovuti
Mimi ndiye huyo rafiki yako, sina shahada. Kazi ndogo ndogo nazipata kwa kuonyesha nilichotengeneza, na wewe pia anza kutengeneza vyako sasa, usisubiri kuhitimu. Ila nilipoomba nafasi ya kujenga mifumo mikubwa, usaili mzima ulikuwa miti na grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari). Sikupita. Sasa hivi nasoma usiku, peke yangu, hayo unayotaka kuyakimbia. Mwenzangu una mwalimu wa kumuuliza.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Jana usiku nimechora. Nikaingiza 1, 2, 3, 4, 5 kwa mpangilio, mti wote ukaegemea kulia ukawa kama kamba. Hapo kutafuta kunarudi kuwa kupitia moja moja, au nakosea?

Fundi wa Kanzidata
Hujakosea hata kidogo. Tatizo hilo hilo ndilo lililozaa mti wa AVL mwaka 1962, mti unaojisawazisha kila unapoingiza kitu. Chukua namba zako hizo tano, ukifika kwenye 3 uzungushe mti ili 2 ipande juu. Kesho tuambie 4 na 5 zimekaa wapi.