Spidi 20 Mbps lakini simu za kazini zinakatakata, tatizo nini wakuu? (Dodoma)

kijana_wa_nzuguni: Habari za jioni wakuu, nipo Nzuguni hapa Dom, kazi yangu ni kupokea simu za wateja kwa intaneti nikiwa nyumbani, natumia kirauta cha laini ya 4G. Nikipima spidi naona 20 mpaka 24 Mbps, ila jioni mteja akianza kuongea sauti inakuwa ya roboti, mara namkatiza mara ananikatiza, bosi kashanionya mara mbili. Nimeongeza bando, hali ileile. Ninunue laini nyingine au niweke antena juu ya bati? Nisaidieni kabla sijatimuliwa

bwana_zabibu: Hamia Area D mkuu 😂

fundi_mnyalukolo: Usitoe hela kabla hujapima. Simu ya sauti haili hata 0.1 Mbps, kinachokuumiza ni muda wa pakiti (vipande vidogo vya data) kwenda na kurudi, ndo kinachopimwa na ping kwa milisekunde (ms). Fungua ile skrini nyeusi ya Windows (Command Prompt) andika ping -t halafu namba ya rauta (ipo kwenye stika mgongoni, nyingi ni 192.168.8.1), fungua nyingine ping -t 8.8.8.8 (seva ya Google), ziache zote zitembee hata saa nzima. Ya kwanza inapima wifi ya humo ndani tu, ya pili inajumlisha mnara na njia yote ya nje. Na usiangalie wastani, angalia zinavyorukaruka, 70 70 72 ni afadhali kuliko 30 400 35 900

mama_wawili: Naongezea, kwenye ile ping ya nje namba ya kwanza kabisa ikija kubwa usishtuke, modemu ikikaa kimya inalala na kuamka mpaka ielewane na mnara. Wateja wako wapo wapi kwani?

kijana_wa_nzuguni: Uingereza dada

mama_wawili: Basi hapo kuna 70 ms huzikwepi hata ukalale chini ya mnara, ni zaidi ya km 7,000 na mwanga kwenye faiba unakwenda kama km 200 kwa milisekunde moja, kwenda na kurudi piga hesabu mwenyewe

kijana_wa_nzuguni: Wakuu nimerudi. Rauta 2 mpaka 4, nje 55 mpaka 70, imetulia mpaka nikaanza kuona aibu kuwasumbua. Saa moja na nusu wife karudi, kaweka mkoba kwenye kochi, hajagusa kitu, naona 68, 340, 910, 1480, 1612!! Rauta bado 3. Kumbe simu iko humo mkobani inapandisha video za kipaimara cha mpwa wake

fundi_mnyalukolo: Umemkamata. Njia ya kupandisha ni nyembamba, video zimejaza foleni na pakiti zako za sauti zinasubiri nyuma ya malori. Vipimo vingi vya spidi vinachukua ping njia ikiwa tupu ndo maana ulidanganyika. Antena achana nayo, ingia kwenye kurasa za rauta utafute pa kubana spidi ya kifaa kimoja kimoja, simu ya wife ipe 1 Mbps ya kupandisha. Kama haina, azime kupandisha video mpaka utoke kazini

kijana_wa_nzuguni: Ipo, nimebana, sasa ni 60 mpaka 90 na video zinaenda taratibu. Ila nimeanza kuulizwa mbona hii simu inazungusha tu, nimejibu mtandao leo mbovu