Kubadilisha ID kwenye os-release: ni ughushi, au ni kuelewana na programu yenye kichwa kigumu?

Fundi wa Mbale
Salaam wote. Ninatunza chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari huku Mbale. Mashine 22 za mitumba, zote Linux Mint 21.3, mfumo endeshi wa bure, maana Windows mpya ilizikataa. Muhula uliopita shule ikanunua programu ya hesabu za karo. Kisakinishi chake kinafungua /etc/os-release, faili yenye jina na toleo la mfumo, kinasoma mstari wa ID, kikikuta si ubuntu (Linux ya aina nyingine) kinasema mfumo hautambuliki, kinajifunga. Nikawapigia waliotuuzia. "Weka Ubuntu." Mashine 22, intaneti ya bando, na wazazi wanaanza kuleta karo Jumatatu! Faili inakataa kwa sababu ya neno moja, basi nikalibadilisha. Palipoandikwa ID=linuxmint nikaweka ID=ubuntu, na VERSION_ID nikaweka "22.04". Ikakubali, na karo zinaingia mpaka leo. Sasa mwalimu mkuu amesikia kwamba "nilidanganya kompyuta" anataka nijieleze. Semeni ukweli: nimekosea?

Chuma cha Reli
Umekosea, ndugu. Hilo faili ndilo kitambulisho cha mfumo. Kila programu inalisoma ijue imeingia kwa nani. Ulichofanya ni kuipa Mint kitambulisho cha Nasser Road, ile barabara ya wachapaji Kampala inayosemwa kwa vyeti bandia.

Rolex Mayai Mawili
🤣🤣 Muhuri je, uligongwa? Na picha ya pasipoti nyuma yake buluu?

Mama Seva
Kabla hatujamhukumu kijana wa watu, tufungue faili lenyewe. Kwenye Mint 21.3, karibu na huo mstari wa ID, kuna mwingine: ID_LIKE="ubuntu debian". Maana yake, jina langu ni linuxmint, lakini mimi ni wa ukoo wa ubuntu, na babu yetu ni debian. Mstari huo uliwekwa makusudi kwa ajili ya programu kama hii ya karo: kama hunijui kwa jina, niulize ukoo. Chini yake kuna UBUNTU_CODENAME=jammy, na jammy ndilo jina la Ubuntu 22.04. Yaani Mint imeshasema yenyewe kila kitu ambacho kisakinishi kilitaka kujua. Aliyekiandika alisoma mstari mmoja akachoka. Kama kuna wa kuandikiwa barua ya kujieleza, aanze yeye.

Chuma cha Reli
"Akachoka"? Mimi ninaandika visakinishi, mama, na hatuchoki. Tunapima kwenye mfumo mmoja kwa sababu tunalipwa kupima mfumo mmoja. Nikikubali kila anayedai ukoo, kesho ananipigia mtu wa Kali, wa Zorin, Linux nyingine hizo, wa kitu alichotengeneza mpwa wake, wote ID_LIKE yao inataja ubuntu au debian, wote wanataka nije niwarekebishie bure. Ninyi hamkuwepo zamani. Red Hat ana /etc/redhat-release, SUSE ana /etc/SuSE-release, Debian ana /etc/debian_version, kila moja limeandikwa kivyake. Skripti ilikuwa "kama lipo hili, la sivyo angalia lile" mpaka macho yanauma. Ubuntu wakaleta os-release tukapumzika. Sasa mnataka kuliharibu.

Mwinyi wa Terminali
Marekebisho mawili kutoka Tanga. La kwanza, si Ubuntu walioleta. Ni watu wa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux; Lennart Poettering ndiye aliyelitangaza, 2012. La pili, Fundi, "faili" ni ngeli ya JI-MA: faili LInakataa, mafaili YAnakataa. Na kilichokataa ni kisakinishi, faili halijakataa kitu.

Rolex Mayai Mawili
Umemtaja Poettering, anayegombanisha watu wa Linux, saa nne usiku? Wengine tunataka kulala.

Nasser Road Namba Moja
Nimetumiwa huu mjadala na mteja. Chuma cha Reli, nina mashine za chapa Nasser Road mwaka wa kumi na moja huu. Kalenda za makanisa, kadi za kwanjula (sherehe za kutambulishana kabla ya ndoa), mabango ya wagombea wa vyama vyote, vitabu vya risiti vya hizo hizo shule zenu. Kitambulisho cha mtu sijawahi kukichapa hata siku moja. Kwa nini kila mkitaka kusema "bandia" mnasema barabara yetu? Sisi tunalipa leseni.

Chuma cha Reli
Ssebo, ni msemo tu. Kila mtu Kampala anausema.

Nasser Road Namba Moja
Kila mtu akisema ndiyo inakuwa kweli? Wewe mwenyewe umetoka kusema Ubuntu walileta hilo faili, na umesahihishwa na mtu wa Tanga.

Mwana wa Afande
Aiiii! Hiyo imeingia.

Rolex Mayai Mawili
Lakini tuseme kweli, mzee wangu. Mwaka wa uchaguzi nikipita pale naona digrii zinakauka juani.

Nasser Road Namba Moja
Ulizoziona ni cheti za mahafali za shule za chekechea. Uliza kabla ya kuandika.

Fundi wa Mbale
Jamani, swali langu. Na wewe Mwinyi, nimekuja na mashine 22 unanipa ngeli? Kiswahili changu nilikipata kambini kwa marehemu baba, alikuwa askari. Huku Mbale ukisema "faili linakataa" watu wanageuka kutafuta anayehubiri.

Mwinyi wa Terminali
Sikukudharau, kaka. Lakini katiba yenu imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza lenu la mawaziri likaamua kiwe lazima shuleni. Shule yenyewe unafanya kazi hapo. Watoto wasikie vizuri.

Mwana wa Afande
Mnakiita Kiswahili cha bunduki, na mkivuka mpaka Busia mnafurahi mkikuta mtu wa kuwajibu. Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973 bila ngeli hata moja, na tukaelewana.

Chuma cha Reli
Tulielewana kwa sababu ukikataa unajua kinachofuata.

Rolex Mayai Mawili
Nimeingia kusoma Linux, nimekuta Amin.

Mwana wa Afande
Narudi kwenye Linux basi. Chuma anasema kitambulisho kisiguswe. Mimi niko kwenye Ubuntu 22.04 halisi, ya kupakua, sijagusa kitu. Nimeandika cat /etc/debian_version, amri ya kusoma faili hilo. Jibu: bookworm/sid. Huyo Ubuntu wako ana kitambulisho cha Debian mfuko wa nyuma! Mbona hamumkamati?

Chuma cha Reli
Hilo ni faili la urithi tu, linasema alichukua vifurushi vyake, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, kutoka Debian wakati toleo lake la bookworm linaandaliwa. Hajidai kuwa Debian.

Mwana wa Afande
Na Mint akisema UBUNTU_CODENAME=jammy anajidai nini? Si anasema alikotoka vilevile?

Chuma cha Reli
Sina shida na Mint. Shida yangu ni mkono wa Fundi.

Bodaboda wa Data
Mkono wa Fundi una ubaya gani? Chrome ikibisha hodi kwenye tovuti inajitambulisha "Mozilla/5.0", halafu inataja AppleWebKit, halafu inataja Safari. Majina ya watu wote mtaani isipokuwa mama yake. Ilianza hivi hivi: tovuti zilikuwa zinaangalia jina, zikikosa linalotakiwa zinakupa ukurasa wa kimaskini. Vivinjari vikajifunza kusema jina linalotakiwa. Hata Windows inadanganya. Programu ya zamani isiyojitangaza kuwa inaijua Windows 10 ikiuliza toleo inajibiwa 6.2, namba ya Windows 8, ili isishtuke. Microsoft wenyewe wanafanya! Anayeuliza jina ili akufukuze ndiye anayewafundisha watu uongo.

Chuma cha Reli
Kwa hiyo kwa sababu Chrome ni mwongo, na sisi tuwe? Malezi gani hayo?

Rolex Mayai Mawili
Mimi kinachoniuma ni jina. Programu inasema "namtaka Ubuntu peke yake", ndugu yake wa tumbo moja anakuja inamfungia mlango. Obuntubulamu, ule utu wetu, iko wapi hapo, banange?

Mama Seva
Nimechelewa, nilikuwa napika. Naona mmeshapiga kona tatu. Fundi, kuhusu uhalali, sheria haikugusi. Faili ni la maandishi, liko kwenye mashine ya shule, na hujamwibia mtu. Ila mna mkataba wa msaada na wauzaji, na pale ndipo penye neno. Siku programu ikiharibika wakiuliza mfumo gani, ukajibu Ubuntu 22.04, wewe ndiye utakayewapoteza, na wao watatafuta tatizo mahali lisipo. Waambie ni Mint. Wakikataa kusaidia, angalau mwalimu mkuu ajue alinunua nini.

Sasa hatari zenyewe, maana hakuna aliyekuuliza ulibadilishaje.

Moja. Mara nyingi /etc/os-release si faili, ni kiungo kinachoelekeza /usr/lib/os-release. Ukihariri kwa sed -i, amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili, kiungo kinafutwa, linakaa faili la kawaida, na la /usr/lib linabaki na ukweli wake. Sasa una majibu mawili kwenye mashine moja. Programu nyingi zitaamini la /etc, maana ndilo linalotangulia, lakini siku vifurushi vya mfumo vikiapdetiwa usishangae ukikuta jina la zamani limerudi na programu ya karo imegoma, tena wakati wa mitihani.

Hili la pili ndilo linaloua mashine. Kuna maelekezo mengi ya kuongeza hazina za vifurushi yanayosoma VERSION_CODENAME, jina la utani la toleo, kutoka faili hili hili na kuandika anwani ya kupakulia. Hukuligusa hilo, vizuri, usiliguse. Mtu akiweka noble (Ubuntu 24.04) kwenye mfumo wa jammy ataletewa vifurushi vilivyojengwa juu ya glibc 2.39, maktaba ya msingi ambayo programu huitegemea, ilhali yeye ana 2.35. Hapo programu haziwaki, zinalalamika GLIBC ya namba fulani haipo. Kudanganya ukoo wako wa kweli kunaweza kupita. Kudanganya umri ndiko kunavunja mifupa.

Ukitaka kulala usingizi, rudisha maneno yote kama yalivyokuwa baada ya kusakinisha. Programu nyingi zinauliza jina mlangoni tu, zikishaingia haziulizi tena. Ijaribu mashine moja kwanza. Ikigoma, iweke kwenye kontena la Ubuntu 22.04, yaani kisanduku chenye mfumo wake ndani ya mashine. Ndani ya kontena os-release ni ya Ubuntu kweli, amri ya uname -r itaonyesha kerneli (kiini cha mfumo) ya mwenyeji, na hakuna aliyesema uongo.

Chuma cha Reli
"Nilikuwa napika." Mnaona? Sisi wengine tumekaa hapa tangu saa mbili.

Mama Seva
Ni hilo ndilo ulilolisoma?

Chuma cha Reli
Nimesoma yote, nyabo. Hilo la kontena nakubali. Ila kwa mashine za mitumba za Mbale, zenye RAM ya kubahatisha, kontena 22 ni hadithi.

Fundi wa Mbale
RAM ni GB 4, Chuma, si za kubahatisha. Mama Seva, asante sana. Nilitumia sed -i kweli. Nimeangalia sasa hivi: /usr/lib inasema linuxmint, /etc inasema ubuntu. Majibu mawili kama ulivyosema. Kesho narudisha mashine moja nione. Faili LITAkubali?

Mwinyi wa Terminali
Litakubali, kaka. 👏

Bodaboda wa Data
Na mwalimu mkuu utamwambia nini?

Fundi wa Mbale
Kwamba Mint na Ubuntu ni ukoo mmoja na niliandika jina la ukoo. Yeye ni Mgisu, habari za ukoo anazijua kuliko mimi.

Chuma cha Reli
Bado ni ughushi. Umeongezewa ukoo tu.

Nasser Road Namba Moja
Chuma, bado sijasikia ukituomba radhi.

Chuma cha Reli
Haya. Natoa Nasser Road. Kitambulisho cha KUBANDIKWA. Umeridhika?

Nasser Road Namba Moja
Nimeridhika. Sasa, Mama Seva, bila kelele: dukani nina kompyuta ya Zorin, mtoto wa dada yangu aliniwekea. Nimeletewa mashine mpya ya chapa, dereva yake ikifika Zorin inasema haiijui, inataka Ubuntu. Ni mstari upi huo mlisema?

Rolex Mayai Mawili
🤣🤣🤣🤣

Mama Seva
Kwanza nakili faili la asili pembeni, kaka. Halafu niandikie ID_LIKE yako inasemaje.