Kuanza Kirusi nikiwa bado Dodoma

Kutoka: mdogo wenu, Nkuhungu

Shikamooni kaka na dada zangu. Nimepata nafasi ya kusoma Urusi, mwezi wa tisa naanza mwaka wa maandalizi. Hapa Dodoma sijampata mwalimu wa Kirusi. Nina programu ya bure kwenye simu na kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Miezi miwili nakariri majedwali ya miisho ya maneno, na bado siwezi kutamka sentensi moja. Ninyi mlianzaje?

Kutoka: kaka yenu, Voronezh (kwetu Kongwa)

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Hayo majedwali yafunge kwanza.

Anza na herufi, zipo 33, na ukikaza wiki moja utazisoma. Ngeni kabisa kama Ж na Щ hazisumbui sana, maana unajua huzijui. Zinazoangusha watu ni zile zenye sura ya kwetu na sauti nyingine: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u. Zoezi lililonisaidia ni kuandika majina ya nyumbani. Sabasaba ni САБАСАБА. Kwenu ni НКУХУНГУ, na jina hilo limejaa mitego hiyo hiyo. Siku utakapolisoma bila kusita, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Usiishie kwenye herufi za kitabu, jifunze na mwandiko wa mkono. Kwa mkono т huandikwa kama m yetu, и kama u, д kama g. Mimi nilifika bila kujua hilo. Mwalimu akajaza ubao, darasa zima likaanza kuandika, nami nikawa nanakili mistari nisiyoweza kuisoma. Wiki mbili nzima. Nunua daftari la watoto la mistari uanze leo.

Sasa sarufi, na hapa ndipo nataka unisikilize. Usijifunze Kirusi kwa kupitia Kiingereza, pitia Kiswahili. "Mimi mwanafunzi" kwa binti ni "ya studentka", neno kwa neno, hakuna "ni" katikati. Upatanisho pia unao tangu utotoni: kiti kipya, gari jipya, nyumba mpya. Wao wana jinsia tatu tu: novy dom (nyumba mpya), novaya kniga (kitabu kipya), novoye okno (dirisha jipya). Sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao wanabadilisha mkia. Basi zoeza sikio lako kusubiri mkia.

Ile miisho sita inayokutesa wenyewe wanaiita padezhi, nayo ishike ndani ya sentensi zinazokuhusu. Sisi "nyumbani" moja inabeba yote: nipo nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Kwao kila jambo na mkia wake. "Ya zhivu v Dodome" ni naishi Dodoma. "Ya yedu v Dodomu" ni naenda Dodoma. "Ya iz Dodomy" ni natoka Dodoma. Zitamke kwa sauti ukiwa unaosha vyombo. Ukishazizoea, weka Moskva mahali pa Dodoma, mkia haubadiliki: v Moskve, v Moskvu, iz Moskvy.

Halafu mkazo. Kiswahili karibu siku zote huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kirusi hakina utaratibu huo: zámok ni ngome, zamók ni kufuli. Tena o isiyo na mkazo inasikika kama a, ndiyo maana maziwa yanaandikwa moloko na kutamkwa "malakó". Kwa hiyo kila neno jipya lisikilize kabla hujaliandika, kisha chora alama ya mkazo juu yake.

Kutoka: dada yenu, Kazan (kwetu Mpwapwa)

Mdogo wangu, hongera. Kaka hapo juu kasema vizuri, ila kuhusu majedwali sikubaliani naye moja kwa moja. Jedwali la namba lishike mapema, maana dukani utakutana nalo siku ya kwanza: odin rubl, dva rublya, pyat rubley (rubli moja, mbili, tano). Mbili, tatu na nne zina umbo lao, tano hadi ishirini umbo jingine.

Na heshima. "Privet" ni salamu ya rika lako. Mkubwa au usiyemjua mwambie "zdravstvuyte" (v ya kwanza haitamkwi) na umwite "vy" (ninyi ya heshima), si "ty" (wewe). Mwalimu huitwa kwa jina lake pamoja na jina linalotokana na la baba yake. Sisi tuliolelewa na shikamoo hatuoni ugumu hapo. Ila ujue "baba" kwao ni neno la kumtaja mwanamke bila adabu, usishangae watu wakigeuka ukiwa kwenye simu na mzee. Chai ni chai.

Kuhusu mtihani: kuingia mwaka wa kwanza wa chuo kwa kawaida hudai kiwango kinachoitwa TRKI-1, ambacho msamiati wake ni kama maneno 2,300. Ukija na mia tatu unazoweza kuzitumia mdomoni, utapumua darasani.

Programu ya simu iendelee, lakini haikusahihishi ukikosea kama mtu anavyokusahihisha. Saa ya Dodoma na ya Moscow ni moja, na huku Kazan pia. Nipigie Jumamosi jioni, nusu saa, tuongee Kirusi tu. Ukikwama sema "kak skazat", yaani "nasemaje", kisha endelea.

Kutoka: mdogo wenu, Nkuhungu

Asanteni sana. НКУХУНГУ nimeiandika, imejaa ukurasa mzima. Dada, Jumamosi saa moja jioni nitakuwa na bando. Nitaanza na "zdravstvuyte, ya iz Dodomy". Hapo kwenye "stv" ulimi bado unaingiza irabu, naomba unisahihishe hapo kwanza.